Gazetia ya Champaran ya 1907, toleo lililochapishwa upya: je, inafaa kununua?

Inafaa, mradi uwe na ramani nyingine pembeni na uwe tayari kusoma habari za mwaka 1917, Gandhi alipokuja kuwasikiliza wakulima wa huko, mara tu baada ya kuifunga.

Ninazungumzia kitabu cha wilaya ya Champaran, kaskazini-magharibi mwa Bihar nchini India, kilichoandikwa na L. S. S. O'Malley, afisa wa serikali ya kikoloni, kikatolewa Calcutta mwaka 1907. Wakati huo Bihar ilikuwa bado imo ndani ya Bengal, na serikali ilikuwa ikitoa kitabu kimoja kwa kila wilaya. Ndani yake unakuta milima na mito, historia, watu, afya, kilimo, majanga, kodi, biashara, reli, utawala, na mwishoni orodha ya miji na mahali penye umuhimu. Toleo nililonalo ni nakala ya siku hizi: kurasa za zamani zimepigwa picha, zikachapishwa kwenye karatasi mpya na kutiwa jalada gumu la kijani. Nililinunua Patna kwa rupia 850. Wanaotoa nakala za namna hii ni wengi, kwa hiyo mchapishaji simtaji. Kasoro nitakazozisema ni za nakala iliyo mezani kwangu.

Mimi ni mpima ardhi. Nilikwenda India kwa mafunzo ya kazi, na kila tulipofika kwenye somo la hati za zamani za ardhi jina la Champaran lilitajwa. Wengine wanalijua kwa sababu ya Gandhi. Mimi nililitaka kwa sababu ya takwimu moja: mwishoni mwa miaka ya 1890, nili, mmea unaotoa rangi ya buluu, ilichukua karibu asilimia 7 tu ya ardhi yote iliyolimwa katika wilaya ile. Asilimia 7! Ilikuwaje zao dogo kiasi hicho likaitikisa wilaya nzima? Hilo ndilo swali nililoingia nalo kitabuni.

Kwanza kitu chenyewe. Kitabu kimeshonwa vizuri, kinakaa wazi mezani bila kushikiliwa. Karatasi ni nene, wino hautokezi upande wa pili, na maandishi ya kawaida yanasomeka bila taabu. Tatizo liko kwenye majedwali na ramani. Majedwali ya herufi ndogo yamefifia hadi 3 na 8 zinafanana, na katika safu moja ya ekari ilinibidi nijumlishe upya kwa kalamu ndipo nijue ipi ni ipi. Ramani ndiyo iliyoniumiza zaidi. Imepunguzwa ikaingizwa kwenye ukurasa mmoja, mito imekuwa nyuzi, majina ya vijiji hayasomeki hata kwa kioo cha kukuzia. Kitabu kinachoeleza ardhi kikikosa ramani inayosomeka, msomaji amenyimwa nusu ya alichokilipia. Mimi nilijitengenezea mchoro kwa kutumia picha za setilaiti na jina la kila mto, na tangu hapo kitabu kikafunguka.

Na kikifunguka, kinafunguka kweli. Sura ya maumbile ya nchi na ile ya kilimo ndizo zinazostahili bei yote. Wilaya ilikuwa na maili za mraba 3,531. Upande wa kaskazini, mpakani na Nepal, kuna vilima vya Someshwar na misitu ya miti ya sal, kilele kikifika futi 2,884 karibu na ngome ya kale. Magharibi kuna mto Gandak, unaotoka milimani mahali paitwapo Tribeni na kuingia tambarare kwa nguvu. Halafu katikati, ukikata wilaya kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, unapita mto mdogo wa Sikrahna, ambao mbele huitwa Burhi Gandak. Mto huu ndio ufunguo wa kila kitu. Kaskazini yake udongo ni mzito, mfinyanzi mgumu ambao wenyeji huuita bangar, unaoshika maji na kufaa mpunga. Kusini yake udongo ni mwepesi, tifutifu wenye kichanga, ambao huitwa bhith. Huko hupandwa mahindi, ulezi, shayiri, ngano, kunde za aina nyingi na mbegu za mafuta. Na huko ndiko nili ilikopenda kukaa.

Nilipanda treni kutoka Muzaffarpur kwenda Narkatiaganj nikiwa na kitabu mapajani, mwezi wa Oktoba. Kama una nafasi ya kufanya hivyo, fanya, kwa sababu reli ile inapita sura za kitabu moja baada ya nyingine. Kabla ya Motihari unaona bustani za maembe na lichi, mashamba yaliyoinuka kidogo, viazi na mboga vikiandaliwa. Unapita Chakia, na karibu na hapo, mahali paitwapo Bara, Kanali Hickey alianzisha kiwanda cha kwanza cha nili wilayani mwaka 1813. Motihari kwenyewe kumezungukwa na maziwa. Hayo ni mabaki ya mto uliohama njia yake ya zamani, na mlolongo wake unapita katikati ya wilaya. Ukishatoka Sugauli treni inavuka Sikrahna, na hapo nilishika dirisha. Ng'ambo ya daraja shamba linashuka, linatandaza, mpunga umesimama kwenye udongo wa rangi ya majivu uliopasuka kingoni, miwa inaanza kuziba upeo wa macho kuelekea Majhaulia. Kitabu cha 1907 kilikuwa kimeniambia kwamba hapo ndipo nchi inapobadilika, na nchi ikabadilika hapo hapo. Miaka zaidi ya mia imepita, viwanda vya nili vimekufa, vya sukari vimeinuka na vingine kufa, lakini udongo uko palepale.

Maelezo ya misimu nayo ni mazuri. Mwaka wa mkulima ulikuwa na mavuno matatu: bhadoi ya mwisho wa mvua kubwa, aghani ambayo ni mpunga wa majira ya baridi, na rabi ya kuelekea kiangazi. Mpunga wa aghani unategemea mvua za mwisho, zile za kati ya Septemba na Oktoba ambazo wakulima huziita hathia. Hathia ikikosekana, mpunga unakauka ukiwa tayari umebeba, na udongo mgumu wa rabi unakosa unyevu wa kupokea mbegu. Yaani mvua ya wiki chache inaamua mavuno mawili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1896, na mwaka 1897 Champaran ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya zaidi katika Bihar. Kabla ya hapo kulikuwa na njaa ya 1866 na ile ya 1874, ambapo serikali ya Sir Richard Temple ilinunua mchele kutoka Burma na kuusambaza. Ukielewa hathia unaelewa kwa nini mfereji wa Tribeni ulichimbwa kupeleka maji ya Gandak kwenye ukanda wa mpunga wa kaskazini. Wakati kitabu kinatoka, kazi ya mfereji huo ilikuwa bado inaendelea.

Takwimu za watu zinaingia vizuri hapa, na ningependa msomaji asizipite haraka. Sensa ya 1901 ilihesabu watu 1,790,463, pungufu ya ile ya 1891 iliyopata 1,859,465. Wilaya nzima ilipoteza watu karibu 69,000 katika miaka kumi, hata baada ya kuhesabu waliozaliwa. Halafu tazama mgawanyo. Tarafa ya Motihari upande wa kusini ilikuwa na maili za mraba 1,518 na watu 1,040,599. Tarafa ya Bettiah upande wa kaskazini ilikuwa kubwa zaidi, maili 2,013, lakini ilikuwa na watu 749,864 tu. Kusini watu karibu 686 kwa kila maili ya mraba, kaskazini hawafiki 375. Malaria ya chini ya vilima, mfinyanzi mgumu na umbali wa masoko, vyote vimo ndani ya tofauti hiyo. Watu wa Saran na Muzaffarpur, ambako ardhi ilikuwa imebana, walikuja Champaran kutafuta mashamba kwa sababu bado yalikuwapo na kodi yake ilikuwa nafuu. Kitabu kinasifu unafuu huo. Subiri kidogo tufike kwenye bei yake halisi.

Sura kuhusu milki na kodi ni ngumu kusoma, lakini usiiruke. Kwa utaratibu wa 1793 kodi ya serikali ilifungwa isipande tena, na wenye milki wakubwa wakabaki na chochote walichokusanya juu yake. Champaran karibu yote ilikuwa mikononi mwa milki tatu: Bettiah, Ramnagar na Madhuban. Bettiah peke yake ilikuwa na zaidi ya maili za mraba 1,800, yaani nusu ya wilaya na ushei. Milki hiyo ilizama kwenye madeni. Mwaka 1888 ulichukuliwa mkopo mkubwa London, na ili mkopo upate dhamana, vijiji vingi vikakodishwa kwa kudumu kwa wenye viwanda vya nili wa Kizungu. Mwenye milki, Maharaja Harendra Kishore Singh, alifariki mwaka 1893 bila mrithi wa kiume, na mwaka 1897 milki ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Fuata mnyororo huo hadi chini: deni la Maharaja, wakopeshaji wa London, mwenye kiwanda anayekusanya kodi kijijini, na mkulima anayekuta kwamba mwajiri wake, mnunuzi wa zao lake na mwenye ardhi yake ni mtu mmoja.

Sasa nili. Mkulima alifungwa kwa mapatano kupanda nili kwenye katha 3 za kila bigha aliyoshika. Bigha ina katha 20. Huo ndio mfumo wa tinkathia. Zamani zilikuwa katha 5, zikashushwa hadi 3 baada ya vurugu za miaka ya 1860. Katha 3 kwa 20 ni asilimia 15 ya shamba, na kwa kuwa si kila kijiji kilikuwa chini ya kiwanda, ukijumlisha wilaya nzima unapata ile asilimia 7 ya kwenye jedwali. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini hesabu ya eneo haikuambii ni katha zipi. Kiwanda ndicho kilichochagua, na kilichagua tifutifu bora, lililolimwa na kusawazishwa vizuri, lililo karibu na njia. Haikuambii kwamba katha zilihama mwaka hadi mwaka, kwa hiyo samadi ya mkulima ilikwenda ilipo nili. Haikuambii kwamba nili ilidai ng'ombe na jembe kwa siku zile zile ambazo rabi na maandalizi ya bhadoi vilivihitaji. Na malipo yalikuwa kwa eneo, kwa bei iliyopangwa na umoja wa wenye viwanda wenyewe, wala si kwa thamani ya rangi iliyotoka kwenye mapipa.

Kuna jambo jingine ambalo mpima ardhi hawezi kulinyamazia. Bigha ya huko ilitegemea urefu wa laggi, fimbo ya kupimia, na laggi haikuwa na urefu mmoja kila mahali. Fimbo ikiongezeka kidogo tu, eneo linaongezeka kwa urefu na kwa upana. Katha 3 za fimbo ndefu si katha 3 za fimbo fupi, na anayeshika fimbo ndiye anayejua. Ninapoona jedwali la ekari limekaa safi, swali langu la kwanza siku zote ni fimbo ilishikwa na nani.

Kwa upande huu O'Malley anaandika kama afisa anayeandikia maafisa. Anakifahamu kilimo cha nili, anaijua historia ya viwanda tangu Hickey, anajua kwamba biashara inaporomoka kwa sababu ya rangi ya kutengenezwa maabara, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani iliiingiza sokoni mwaka 1897. Lakini mkulima hasemi kitu katika kitabu hiki. Anapimwa, anahesabiwa, anaelezwa. Na ni mwaka ule ule wa 1907, kitabu kikiwa kinatoka kiwandani, wakulima wa Sathi, kaskazini mwa Bettiah, walikataa kupanda nili, Sheikh Gulab akiwa mbele. Mwaka 1908 ghasia zikaenea. Treni ile niliyoisema inasimama Sathi, na nilijikuta nikitazama kituo kidogo cha kawaida huku nikiwa na kurasa mapajani ambazo hazina habari yake.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza ule unafuu wa kodi. Nili ilipokosa faida, wenye viwanda hawakukubali hasara iwe yao. Sheria ya upangaji wa ardhi ya Bengal ya 1885, kifungu cha 29, ilikataza kupandisha kodi kwa mapatano zaidi ya anna 2 kwa kila rupia, yaani sehemu ya nane. Lakini kifungu hicho hicho kiliacha mlango: mkulima akifunguliwa kutoka sharti la kupanda zao maalumu, kodi inaweza kupanda zaidi. Wenye viwanda wakaingia kwa mlango huo. Waliwafungua wakulima kutoka kwenye zao ambalo halikuwa na soko tena, kisha wakawapandishia kodi kwa "kuwafungua". Hiyo iliitwa sharahbeshi. Mahali ambapo mkataba wa kiwanda ulikuwa wa muda, kupandisha kodi kusingewafaidi, wakatoza tawan, fidia ya mkupuo, mara nyingi karibu rupia 100 kwa bigha. Juu yake kulikuwa na tozo zisizo za kisheria. Sahibu, yaani bwana wa kiwanda, akinunua farasi, wakulima walichangia. Akinunua tembo, walichangia. Baba akifa na mwana akarithi shamba, alilipa. Na kulikuwa na painkharcha, malipo ya mifereji ya maji, yaliyokusanywa hata pale ambapo hakuna mfereji uliopita. Ukiwa umetoka kusoma jinsi hathia inavyoweza kuua mavuno mawili, hiyo tozo ya mfereji usiokuwapo inachoma.

Ndiyo maana nasema usikifunge kitabu hiki ukaishia hapo. Rajkumar Shukla, mkulima wa Champaran, alimfuata Gandhi Lucknow mwishoni mwa 1916 na hakumwacha hadi akaja. Gandhi alifika Motihari Aprili 1917, akaamriwa kuondoka, akakataa, akafikishwa mahakamani tarehe 18 Aprili. Kisha yeye na wenzake, miongoni mwao Rajendra Prasad, Brajkishore Prasad na J. B. Kripalani, wakaketi kuandika maelezo ya wakulima mmoja mmoja, maelfu yao, jina, kijiji, shamba, kilichotozwa, na wengi wakatia dole gumba. Maelezo hayo yameanza kuchapishwa miaka ya karibuni. Yaweke kando ya gazetia. Mambo ambayo kitabu kinayapa safu ya ekari, mkulima anayapa shamba lenye jina na rupia zenye tarehe. Tume ya uchunguzi chini ya Frank Sly, Gandhi akiwa mjumbe, ilithibitisha mengi, na Sheria ya Kilimo ya Champaran ya 1918 ikaufuta mfumo wa tinkathia, ikapunguza kodi zilizokuwa zimepandishwa. Katika tawan, robo ndiyo iliyoamuliwa irudishwe. Kufikia 1914 nili ilikuwa imeshuka hadi karibu ekari 8,000, kutoka zaidi ya 90,000 za miaka ya 1890. Vita vilipoziba rangi ya Ujerumani ndipo ikafufuka kwa muda.

Mengine nitayapita. Afyuni imepewa nafasi yake. Ilikuwa zao la serikali, na Motihari kulikuwa na ofisi yake, ndiyo sababu George Orwell alizaliwa mji ule mwaka 1903, baba yake akiwa mtumishi wa idara hiyo. Misitu ya kaskazini imeelezwa kwa jicho la mbao na nyasi za sabai za kutengenezea karatasi. Leo sehemu kubwa yake ni hifadhi ya chui milia ya Valmiki. Sura ya watu sikuipenda. Watharu, walioweza kuishi na kulima kwenye ukanda wa malaria ambako wengine walikufa, walistahili kuulizwa ujuzi wao, si kuelezwa sura na mila zao. Kwa nguzo za Ashoka, mfalme wa kale wa India, za Lauriya Nandangarh, Araraj na Rampurwa, utapata maelezo ya kutosha kukufikisha.

Lakini kuna sifa moja ninayotaka kuitia uzito. Takwimu za ardhi za kitabu hiki hazikutoka hewani. Zimesimama juu ya upimaji wa 1892 hadi 1899 ulioongozwa na C. J. Stevenson-Moore, na kazi ile ilikuwa ya heshima. Mipaka ya vijiji iliwekwa kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kisha akina amini, wapimaji wa shambani, wakaingia shambani na mnyororo, kiraka kwa kiraka, wakachora kwa inchi 16 kwa maili, yaani 1:3,960. Kila kiraka kikapewa namba, kwa kawaida kuanzia kona ya kaskazini-magharibi ya kijiji hadi kusini-mashariki. Kisha ikafuata khanapuri, kujaza daftari: nani anashika, kwa haki gani, analipa nini. Nimefanya kazi na skeli za namna hiyo na najua maana ya kuingia kwenye mpunga uliosimama maji ukiwa na mnyororo. Kwa mara ya kwanza mkulima alikuwa na karatasi inayotaja kiraka chake, na karatasi hizo bado zinabebwa mahakamani Bihar leo. Hati nyingi za zamani ziliandikwa kwa mwandiko wa Kaithi, ambayo wasomaji wake wamebaki wachache, na familia zinahangaika kutafuta mtu wa kuzisoma. Gazetia haikupi viraka hivyo. Inakupa jumla zake tu. Ukitaka kuona upimaji uliofuata, ule wa 1913 hadi 1919 wa J. A. Sweeney, tafuta ripoti yake. Yeye alipima nili ikiwa imeporomoka na kodi zikiwa zimepanda, na kwa swali langu la asilimia 7 ripoti ile ina majibu zaidi.

Nani anunue? Mwalimu wa jiografia anayetaka mfano halisi wa jinsi udongo, mvua na mto vinavyopanga mazao, anunue bila kusita, na aanzie sura ya maumbile na ya kilimo. Mwanafunzi wa historia ya ukoloni anunue, lakini asitegemee kitabu hiki peke yake. Anayetaka hadithi ya Gandhi hataipata humu. Na kama unachohitaji ni kutafuta jambo moja tu, kurasa zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni, na kwa majedwali zinasomeka vizuri kuliko nakala yangu kwa sababu unaweza kuzikuza.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie kitabu mahali pawili: ukurasa wa ramani na jedwali lolote la ekari. Kama ramani imekunjwa kwa ukubwa wake wa asili na tarakimu zinasomeka, rupia 850 ni bei ya haki na hata 1,200 ningetoa. Kama imebanwa kwenye ukurasa mmoja kama yangu, mwambie apunguze, au uulize toleo la mchapishaji mwingine. Patna wapo kadhaa.